Dende Aliyeitwa Kalemie

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nyumba nzima ilinicheka mpaka watu wakatokwa na machozi, na mimi nimesimama katikati ya sebule na kikapu mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, masharubu ndiyo kwanza yanachungulia. Leo nina wajukuu, wewe ukiwa mmoja wao, na katika yote niliyofanya hapa duniani, sijivunii jambo lolote kuliko nililolifanya siku ile. Kaa vizuri nikueleze, na usiniharakishe, maana mzee akiharakishwa huruka yale mazuri.

Najua pia kwa nini nakueleza leo. Juzi nilikusikia. Ulikwenda kumtazama rafiki yako aliyejifungua, kule chini njia ya Rubona, ukampelekea sambaza, vile visamaki vya ziwani, ulizokaanga kwa mikono yako. Ulipofika mlangoni ukasema, "Unisamehe, hata si kitu, nimeona haya kuja mikono mitupu." Mimi nilikuwa nyuma yako na fimbo yangu. Nilinyamaza, kwa kuwa nyumba ya mzazi si mahali pa kugombeza mtu. Lakini neno hilo limenikaa kooni siku zote hizi, na leo nalitema.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Goma, katika nyumba ya mbao upande wa juu, njia ya kwenda Rutshuru. Baba yangu alikuwa mtu wa hapa Gisenyi. Alivuka mpaka akamwona mama yangu, akasilimu, akamwoa, akatulia. Kisha kazi ikamwishia. Akasikia kwamba bandari ya Kalemie, kule kusini kwenye ziwa Tanganyika, inatafuta watu wa kupakia mizigo. Asubuhi aliyoondoka aliniletea dende jike kutoka sokoni. Wewe umewakuta sungura tu hapa kwetu, lakini dende unamjua: yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayefugwa jikoni na kulia kwii kwii akisikia majani yanakuja. Baba akaniwekea mikononi, akasema, "We utachunga huyu, mi nitachunga kazi. Tutaona nani atapata mali haraka." Alikuwa mtu wa utani, baba yangu. Sisi wote tumerithi hilo, hata wewe.

Mama ndiye aliyempa dende jina. Alimwita Kalemie. Basi kwetu neno hilo likawa na maana mbili: mnyama mdogo mwenye baka jeupe usoni, na mji wa pwani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Kila jioni mama aliniuliza, "Kalemie amekula?" Nami nilijibu kwamba amekula, na nilijua vema kuwa anawaulizia wawili.

Kalemie wa kwanza alikufa kwa uzee. Binti yake, aliyezaliwa na baka lile lile usoni, akarithi jina. Barua za baba zilikuja, zikapungua, zikakoma. Majirani walimuuliza mama kila siku, "Mzee ameandika?" Walijua hajaandika. Kuna watu huuliza kidonda kama kimepona huku wamekitia kidole.

Hapo ndipo mlima wetu wa moto ulipotapika. Sisemi huu mtapiko wa juzi uliokukimbiza na godoro kichwani, wala ule mkubwa uliopita katikati ya Goma. Nasema ule wa kabla, moto uliposhuka mbio kama maji ya mvua. Mama alinyakua msahafu na sufuria. Mimi nikanyakua kikapu na Kalemie ndani yake, nguo zangu zote nikaziacha ukutani. Tulipogeuka, upande wetu wote wa barabara ulikuwa moshi. Tukatembea na umati mpaka bariyeri ndogo, yaani kizuizi cha mpakani, tukavuka, tukapanda mpaka kwa shangazi yake baba.

Huyo mama aliitwa Verediana. Sote tulimwita Nyogokuru, yaani bibi, kwa Kinyarwanda. Alikuwa mjane, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, mwenye ng'ombe wachache kwa ndugu zake huko Kanama na ulimi mkali kuliko panga. Tulifika tumejaa majivu, hata kope zilikuwa nyeupe. Hakuuliza tutakaa muda gani. Alituonyesha chumba, kisha akaenda sokoni akarudi na sufuria mpya, akampa mama. "Hii haijaona nguruwe, haijaona pombe," akasema. "Pikia ndani yake, na roho yako itulie." Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sijawahi kumwona mwenyeji mwingine anayekwenda kununua sufuria kabla mgeni hajanawa uso.

Tulikaa pale tangu maharage yakiwa maua mpaka yalipovunwa. Wasemao mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wangemkuta mama ameshalichukua mwenyewe. Alipanda gari la abiria kwenda Kanama kupalilia na wanawake wa kule, alifua, alisaga, alifagia hata uani kwa jirani. Mimi nilibeba mizigo bariyerini. Hakuna aliyetunyanyasa. Tuliitwa kula kama wengine, tukakaa kwenye mkeka mmoja.

Lakini mimi nilimwona mama. Nyumbani kwetu alikuwa mtu wa kula kwa furaha, anacheka huku anatafuna. Pale kwa Nyogokuru alichukua matonge mawili, matatu, akasogeza sahani, akasema ameshiba. Kila siku ameshiba! Mashavu yakaanza kuingia ndani. Nilipomwuliza tukiwa wawili, akaniambia, "Sadiki, chakula ya kupewa kila siku, na mi sina kitu ya kupatia mutu, inanikwama hapa." Akagusa koo lake. "Bon, usijali. Mungu iko."

Neno hilo lilinitesa. Mtu anaweza kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa, mwanangu, na hakuna atakayelaumiwa.

Sasa sikiliza. Nyogokuru alikuwa na mwana mmoja aliyeishi naye, jina lake Damaseni, mtu mzima mwenye tumbo na kicheko kikubwa. Jumapili moja rafiki yake wa Kanama alikuja kumgabira ng'ombe. Kugabira si kutoa tu. Unampa mwenzako ng'ombe kwa heshima, mbele ya watu, na tangu siku hiyo ninyi ni ndugu. Atakapokuwa na harusi utaitwa, atakapokuwa na msiba utaitwa, na ukimwomba jambo ataona aibu kukunyima. Ndama jike aliletwa uani, mweusi, mwenye miguu mirefu. Mtu mmoja akasimama na fimbo, akamsifu ng'ombe yule kwa maneno marefu ya Kinyarwanda: mama yake nani, alikunywa maji wapi, anatembeaje, anawashinda nani. Wazee walitikisa vichwa kwa raha. Nilikuwa sijawahi kusikia mnyama akiheshimiwa namna ile.

Watu wakaingia sebuleni, wakakaa, pombe ya ndizi ikazunguka. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, anapokea vyombo. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Niliwaza: sisi nasi tuna mnyama. Nikaenda jikoni, nikamweka Kalemie kikapuni, nikaokota kijiti cha kuni kiwe fimbo yangu, nikaingia nikasimama katikati.

Nilisema kwa Kiswahili chetu cha Goma, maana Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nilisema hivi: "Watu wa hapa, muangalie. Huyu ni Kalemie, binti ya Kalemie. Iko na nyota ku paji. Moto ya mulima ilimukimbiza, hakulia. Alivuka bariyeri bila karatasi, na hakuna askari alithubutu kumuuliza. Anakula majani kidogo, anatoa mbolea mingi. Kwao ni pwani ya mbali. Nyogokuru, mi nakugabira."

Nikafunua kikapu. Kalemie akatoa pua, akalia kwii.

Mwanangu, nyumba ililipuka. Mzee mmoja alimwagia jirani yake pombe. Yule mtu wa fimbo, msifu ng'ombe, alijishika mbavu. Damaseni akapiga mapaja yake, akasema, "Bon! Leo tumepata ngombe mbili! Donc mulete kijiko, tumukamue!" Wakaanza upya. Sikusikia ubaya katika kicheko chao, hata sasa nikikumbuka. Kilikuwa kicheko cha watu walioshiba na kunywa, na kusema kweli dende akisifiwa kama ng'ombe anachekesha. Lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nikainamisha kichwa nikasema, "Mi nilikuwa nacheza tu. Ni dende tu. Si kitu."

Mtu mmoja tu hakuwa amecheka. Nyogokuru alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, rozari mkononi. Akanyoosha mkono, na Damaseni akanyamaza katikati ya kicheko, pamoja na tumbo lake. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

"We Sadiki," akasema. "Umesema nini?"

"Nimesema mi nilikuwa nacheza, Nyogokuru. Si kitu."

"Si kitu." Akalirudia neno polepole. "Tangu mufike, unakula maharage yangu. Siku hata moja, nilikupatia nikisema si kitu?"

"Hapana, Nyogokuru."

"Donc kwa nini we unanipatia kitu na unasema si kitu? Mi napokea bure, sawa mutu anaokota takataka? Hawa wamecheka dende. We umecheka mukono yako. Wao nitawasamehe, wamekunywa. We haukunywa."

Hakuna aliyecheka tena, ingawa lilikuwa neno la kuchekesha. Kisha akanipa njia mbili, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko mwanzo.

"Kama ni muchezo, kamata kikapu, rudi nayo ku jiko. Hakuna mutu atakuuliza. Lakini kama umetoa, simama muzuri, sema tena. Na usiangalie chini."

Niliinua kichwa. Nikamwona mama mlangoni, ameshika kinywa kwa mkono. Nilikuwa sijamwuliza. Uso wake ndio ulionifungua macho nikajua ninatoa nini. Kalemie akitoka mikononi mwetu, kila jioni mama atauliza nini? Jina lile lilikuwa ndilo mlango wake wa kumtaja baba bila kulia. Niliona miguu yangu inataka kurudi jikoni, na hakuna mtu angenilaumu. Nikamtazama mama. Akautoa mkono kinywani, akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Basi nikasimama wima. Nikashika kijiti changu vizuri. Nikasema tena yote tangu mwanzo, nyota ya paji, moto wa mlima, bariyeri, pwani ya mbali, bila kuruka hata neno. Safari hii nilimtazama Nyogokuru machoni. Na nilipofika mwisho niliongeza jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema, "Huyu alitoka ku mukono ya baba yangu, mutoto wa ndugu yako. Leo anafika kwenu."

Nyogokuru aliinuka. Alikuwa na magoti mabaya, hakuinuka kwa ajili ya mtu yeyote, hata padri alimsalimia akiwa amekaa. Akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akakiinua mbele ya watu kidogo, akapiga vigelegele. Mwanamke mzee akipiga vigelegele peke yake kwanza husikika kama anayeita msaada. Kisha wengine wakaitika, na wa nyumba ya jirani wakaitika bila kujua ni kwa nini. Yule msifu ng'ombe akasimama. Akachukua fimbo yake halisi akamsifu Kalemie kwa Kinyarwanda, kwa yale maneno makubwa, na safari hii hakuna meno yaliyoonekana. Nasikia alisema kwamba ng'ombe wengi wa Kanama hawajawahi kuuona moto wa mlima uso kwa uso. Hiyo ni kweli kabisa.

Jioni ile tulikaa kwenye mkeka kama kawaida. Viazi, maharage, mboga za lengalenga. Mama alichukua matonge mawili, matatu, manne. Akavuta sahani karibu. Akala mpaka akalamba vidole, na Damaseni aliposema neno la utani juu ya maziwa ya dende, mama akacheka huku anatafuna. Mimi ndiye niliyeshindwa kula siku hiyo, kwa furaha. Nilienda uani nikajifanya naangalia kuni.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo unaijua, umeifanyia mtihani shuleni. Mimi nimeiona ikimrudishia mama yangu hamu ya kula.

Maharage yalipovunwa tukarudi Goma. Tulipata kibanda Birere, karibu na mpaka, chenye mbao chache na mabati ya kuokota. Wale majirani wa zamani nao walikuwa wamesukumwa na moto kuja huko huko, na midomo yao haikuungua. "Mzee ameandika?" Mama alijibu kwamba hajaandika, akaendelea kufua. Kwa watu wale alikuwa mke aliyeachwa, na mimi mwana wa mke aliyeachwa, na sasa tumeongeza na ukimbizi juu yake.

Sasa nikuambie lililonifanya mimi niwe mtu. Mwenye kupewa ng'ombe hapa kwetu haishii kusema asante. Siku moja humrudia aliyempa, na vinywaji na watu wake, wamevaa vizuri, amshukuru mbele ya majirani zake. Wanaita gukura ubwatsi, yaani kung'oa majani. Kwa ng'ombe, mwanangu. Kwa ng'ombe tu. Tangu dunia iumbwe sidhani kuna mtu aliyewahi kuifanya kwa dende.

Asubuhi moja nikiwa bariyerini natafuta mzigo, nikaona msafara unakuja kutoka upande wa Gisenyi. Mbele Nyogokuru, amevaa mshanana wake wa harusini, mweupe, amefunga begani, anatembea na magoti yake mabaya. Nyuma yake Damaseni na koti, uso mzito kama wa balozi. Nyuma yao wanawake wanne na mitungi kichwani. Askari wa mpaka akawasimamisha, akauliza mitungi ina nini na inakwenda wapi.

"Ni mutobe," Nyogokuru akasema, yaani maji ya ndizi yasiyochachuka. "Naenda kumushukuru mwenye alinigabira."

"Alikupa ngombe ngapi, mama?"

"Dende moja."

Askari akamtazama Damaseni, labda ataona dalili ya mzaha. Damaseni akatazama mbele. Na hapo nikatambua jambo lingine: pombe ya ndizi ndiyo desturi, lakini wao walileta mutobe, kwa kuwa mama ni Mwislamu. Walikuwa wamekaa wakafikiri mama atakunywa nini. Nilisogea mbele nikasema, "Afande, ni mimi nilimugabira." Nilisema kwa sauti. Wabeba mizigo wenzangu wote walisikia.

Tulipita Birere hivyo, mimi mbele sasa, mbavu wazi, jasho la kazi mwilini, na nyuma yangu bibi wa Kinyarwanda na mshanana. Watu walitoka milangoni. Yule jirani mwenye kuuliza kuhusu barua alitoka na mwiko mkononi. "Mama Sadiki," akaita, "mulitoa ngombe?" Mama alikuwa anafua. Akaona mitungi, akaona mshanana, akajua. Akafuta mikono yake kwa kanga, akajibu bila haraka, "Mutoto wangu aligabira shangazi ya bwana wangu. Wamekuja kushukuru. Karibu, mukunywe."

Hakuulizwa tena kuhusu barua, siku ile wala siku nyingine.

Nyogokuru alishukuru kwa maneno yote ya desturi, hakupunguza hata moja kwa sababu mnyama alikuwa mdogo. Alieleza mbele ya mtaa kwamba Kalemie amezaa, kwamba bustani yake haijawahi kupata mbolea kama ile, kwamba nyumba iliyogabiriwa haina upweke. Kisha akamwambia Damaseni alete kikapu. Ni kile kile cha kwetu. Ndani mlikuwa na mtoto wa Kalemie, jike, bila baka lolote, mweusi tii. "Akebo kajya iwa Mugarura," akasema. Maana yake, kikapu kidogo huenda kwa mtu anayejua kukirudisha. "Huyu tumemuita Gisenyi, mujue kwenu nyingine iko wapi."

Baba hakurudi. Sitakudanganya ili hadithi iwe tamu. Lakini mama alipata tena mnyama wa kuulizia jioni. "Gisenyi amekula?" Na mimi nilijibu kwamba amekula, na sote wawili tulijua huko Gisenyi wanakula na watatuita tukifika.

Miaka kadhaa baadaye Nyogokuru alifariki. Nilikuwa kijana mwenye kazi yangu, nikavuka na mama asubuhi mapema. Ua ulijaa watu: mapadri, wafanyabiashara, ndugu wote wa Kanama. Niliketi nyuma, karibu na waliokuwa wanachota maji, mahali panaponifaa kwa umri na kwa nguo. Kabla ya mazishi Damaseni akasimama, nywele zimeanza kuwa nyeupe, akasema, "Wale waligabira mama yangu, wakae hapa mbele na watoto wake." Wazee watano wakainuka na fimbo zao, watu wa ng'ombe wengi. Wakaenda wakaketi.

Damaseni hakuketi. Alisimama anatafuta kwa macho katikati ya watu. Akashuka, akapita kati ya viti, akaja mpaka nyuma kabisa, akanishika mkono.

"Mmoja iko hapa," akasema. "Na hakutoa kidogo. Alitoa zote alikuwa nayo."

Nikatembea naye mpaka mbele. Niliketi na wale wazee watano, na mmoja wao akasogea ili nipate nafasi. Nilimlilia Nyogokuru huku nimenyoosha shingo, mwanangu, nisimwaibishe kwa kutazama chini.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi ili usije ukasema babu alizungukazunguka. Toa. Kama una sambaza toa sambaza, kama una dende toa dende, kama una bega la kubebea maji ya mzazi basi yabebe. Lakini ukishatoa, usikitukane ulichokitoa. Usiombe msamaha kwa ajili ya mkono wako. Yule unayemwambia "si kitu" umemfanya mpokeaji wa si kitu, na hata kama ana haja hatajua akushukuru kwa lipi. Shika kwa mikono miwili, mtazame usoni, sema, "Nimekuletea." Neno hilo moja linatosha. Watu wakicheka, waache wamalize, kisha sema tena. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayepewa, usipime ukubwa wa kitu. Inuka, hata kama magoti yanauma.

Adabu hiyo hainunuliwi. Ndiyo iliyomlisha mama yangu, na mlima ulipomeza nyumba yetu kwa mara ya pili, ndiyo iliyonileta kuishi hapa, kwa watu ambao walikuwa wamenihesabu ndugu yao zamani. Ndiyo maana wewe ni mtoto wa Gisenyi leo, na si mgeni wa mtu.

Mwenyezi Mungu akupe mkono ulionyooka na jicho lisiloinama. Akupe cha kutoa kila siku, hata kiwe kidogo kiasi gani, na akupe watu wa kukipokea wakiwa wamesimama. Mlango wako usikose mgeni, na chakula chako kisikukwame kooni kamwe. Na siku ya kukusindikiza kaburini, mwanangu, iwe mbali sana, atokee mtu kutoka viti vya nyuma, aitwe mbele kwa sababu yako.